Salvinia natans, kangaga linaloelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tulilisikia jina Salvinia kwa ubaya, kwa sababu ya gugu lililofunika maji ya Naivasha na Kariba. Kisha mtu anasoma mahali kwamba Ulaya kuna Salvinia inayolindwa kwa sheria, anashangaa. Habari zote mbili ni za kweli, na maswali mengi yaliyokusanywa hapa yanatokana na mshangao huo. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mmea wenyewe

1. Salvinia natans ni mmea gani hasa?

Ni kangaga dogo la maji yasiyo na chumvi, lisilojishikiza popote. Huelea juu ya maji yaliyotulia: mabwawa, mikono ya mito iliyokatika na kubaki kando, mifereji ya mashambani, majaruba ya mpunga. Majani yake yana umbo la yai lililorefuka, kila moja kama sentimita 1 hadi 1.5, na hupangika mawili mawili pande mbili za kishina chembamba. Mmea mzima hutosha kiganjani.

Linnaeus aliueleza mwaka 1753 kwa jina *Marsilea natans*. Mwaka 1785 Carlo Allioni, mtaalamu wa mimea wa Turin, akauweka kwenye jenasi Salvinia, na hapo ndipo umebaki. Jenasi hiyo imepewa jina kwa heshima ya Antonio Maria Salvini, profesa wa Kigiriki wa Florence.

2. Kweli hili ni kangaga? Mbona halifanani na yale ya msituni?

Ni kangaga kamili. Halitoi maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo mno za uzazi. Tofauti na makangaga mengi ya nchi kavu ni kwamba hili lina spora za aina mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, na kila aina hukaa katika vifuko vyake. Ukoo wake ni mkongwe sana. Mabaki ya jenasi hii yaliyogeuka mawe yanarudi nyuma hadi zama za mwisho za dinosaria.

3. Mizizi yake iko wapi?

Hakuna. Kwenye kila kifundo cha shina kuna majani matatu, si mawili kama yanavyoonekana kwa juu. Mawili huelea. La tatu huning'inia majini, limechanikachanika kuwa nyuzi nyingi zenye vinyweleo, na ukilitazama haraka utaapa ni mzizi. Ndilo linalofyonza chakula kutoka majini na kuuzuia mmea usipinduke. Vifuko vya spora navyo huota kwenye shina la jani hilo la chini, ndiyo maana hutaviona mpaka uugeuze mmea.

4. Kwa nini halilowi hata likizamishwa?

Lizamishe chini kwa kidole, kisha liachie. Litaibuka likiwa kavu, na kabla halijaibuka utaona uso wake unang'aa rangi ya fedha ndani ya maji. Mng'ao huo ni hewa iliyonaswa.

Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia, uso wa juu una safu za vinundu vidogo, na juu ya kila kinundu kuna kishada cha vinyweleo, kwa kawaida vinne, vinavyotawanyika na kuinama nchani. Vinyweleo hivyo vina nta inayokataa maji, na tabaka la hewa hubaki kati yake na jani. Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Wilhelm Barthlott wa Chuo Kikuu cha Bonn lilieleza jambo la ajabu zaidi katika ndugu yake, *Salvinia molesta*: ncha kabisa za vinyweleo hazikatai maji bali huyashika. Maji yanashikwa kwa juu, hayashuki, na hewa ya chini haiponyoki. Wahandisi wanaoota meli zinazoteleza majini bila msuguano mkubwa wamekuwa wakijifunza kutokana na jani hili. Mimi huliona hilo kuwa sababu tosha ya mtu kuinama kandoni mwa mfereji na kuangalia.

5. Nimesoma kwamba hufa kila mwaka. Sasa hurudije?

Ndiyo, katika nchi zenye baridi kali mmea wote hufa. Hili ndilo jambo la kulielewa kuliko yote, kwa sababu uhifadhi wake wote umefungwa hapa.

Majira ya joto mmea hujikata vipande na kila kipande huwa mmea mpya. Mimea michache ya Juni inaweza kufunika kona nzima ya bwawa ifikapo Agosti. Kuelekea mwisho wa joto huota vifuko vya spora chini ya maji, vidogo, vya mviringo, vimeshikana kama nane hivi au pungufu kwa kila kifundo. Baridi ikiingia, majani huoza. Vifuko huzama na kulala kwenye tope miezi yote ya barafu.

Maji yakipata joto tena, spora huamka na kupanda juu. Ile kubwa ya kike hutoa kijitawi kidogo cha kijani, ile ndogo ya kiume hutoa mbegu za kiume zinazoogelea, na zikikutana unazaliwa mmea mchanga ambao jani lake la kwanza halifanani na mengine yote yatakayofuata. Kwa hiyo uhai wa mwaka mzima hupita kwenye tope la chini. Ukichimba tope hilo wakati wa baridi na kulimwaga shambani, mwaka unaofuata hutaona kitu, hata kama kiangazi kilichopita bwawa lilikuwa la kijani ukingo hadi ukingo.

6. Linapatikana wapi?

Ulaya ya kati, ya kusini na ya mashariki, kisha Asia hadi China na Japani. Ukitaka kuliona kwa wingi, nenda mabonde ya mito mikubwa ya nyanda za chini: Po huko Italia, delta ya Danube nchini Romania na Ukraine, delta ya Volga, Oder na Vistula nchini Poland. Ujerumani lipo Oder, Havel na sehemu za Rhine ya juu. Ucheki limebaki mahali pachache, pakiwemo mabwawa ya samaki ya Poodří, kwenye bonde la Oder karibu na Ostrava. Japani na China makazi yake ya zamani ni majaruba ya mpunga.

Afrika Mashariki halipo kiasili. Tulicho nacho ni tofauti. Tazama maswali ya 7 na 10.

## Kulitofautisha na mengine

7. Je, hili si lile gugu lililofunika Kariba na Naivasha?

Hapana. Lile ni *Salvinia molesta*, asili yake kusini-mashariki mwa Brazil. Ni ndugu wa jenasi moja, lakini maisha yao hayafanani.

Bwawa la Kariba lilianza kujaa mwishoni mwa 1958. Mwaka 1959 gugu likaonekana, na kufikia 1962 lilikuwa limefunika kama kilomita za mraba 1,000 za maji. Wakati huo lilidhaniwa kuwa spishi nyingine ya Amerika, D. S. Mitchell ndiye aliyelipa jina *molesta* mwaka 1972, na baadhi ya wataalamu leo huliita *Salvinia adnata*. Naivasha lilisumbua tangu miaka ya 1960, kabla magugu maji yenye maua ya zambarau hayajachukua nafasi yake. Uganda, ambako limeingia ziwa Kyoga, watu wengi hulijua kama gugu la Kariba.

*Molesta* lina seti tano za kromosomu na haliwezi kutoa spora zinazoota. Kila mmea wake duniani ni kipande cha mmea mwingine. Halina haja ya tope la chini wala ya kungoja majira: kipande kimoja kilichonasa kwenye mtumbwi kinatosha kuanzisha balaa ziwa jingine. *Natans* huzaa kwa spora, hufuata majira, na likinyimwa mahali patulivu pa kulala hutoweka.

8. Nitayatofautishaje kwa macho?

Tazama vinyweleo vya juu ya jani, kwa kioo cha kukuzia au kwa picha ya simu iliyokaribishwa sana. Kwenye *natans* vinyweleo vya kishada kimoja haviungani, kila ncha iko huru. Kwenye *molesta* vinyweleo vya kishada kimoja huachana katikati kisha hukutana tena nchani na kuungana, mfano wa kile chombo cha waya cha kupigia mayai. Alama hii haina utata kwa jani lililokomaa na lisiloharibika.

Ukubwa hudanganya. *Molesta* changa huwa na majani madogo yaliyolala juu ya maji, sawasawa na *natans*. Ikisongamana ndipo majani yake hukua, hukunjika na kusimama wima, na zulia lake huweza kufikia unene wa karibu mita nzima. *Natans* hubaki tambarare.

Vifuko vya chini havitoshi kukupa jibu, maana *molesta* nayo huotesha vifuko, ila havina uzao. Rudi kwenye vinyweleo.

9. Ni azola, ile ya kulishia kuku na samaki?

Siyo, ingawa ziko familia moja. Azola ina vijani vidogo mno vilivyopandana kama magamba, ina vijizizi halisi vinavyoning'inia, na mara nyingi huwa nyekundu jua likiwa kali. Ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, na hiyo ndiyo sababu ya wafugaji na wakulima wa mpunga kuipenda. Salvinia haina wakazi hao. Mtu akikuuzia salvinia kama chakula cha kuku chenye protini za azola, amekuuzia kitu kingine.

10. Sisi huku tuna salvinia ya asili?

Tunayo: *Salvinia hastata*, ya mashariki mwa Afrika na Madagaska. Watu wachache sana huitazama, na kila inapoonekana huchukuliwa kuwa gugu la Kariba. Ningependa kila anayeshiriki kazi ya kung'oa magugu kwenye bwawa la kijiji aombe kwanza majani machache yapelekwe kwa mtu wa mimea, chuo kikuu au hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ni kazi ya siku moja, na inaweza kuokoa mmea ambao ni wetu.

## Hali yake na kinachoutishia

11. Uko hatarini kiasi gani?

Jibu hutegemea unasimama wapi. Kwa dunia nzima, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeuweka katika kundi lisilo na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa eneo lake ni pana mno, kutoka Ulaya hadi Japani. Ukikaribia nchi moja moja picha hubadilika. Japani umeorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo katika hatari ya kutoweka. Ucheki ni miongoni mwa mimea adimu kabisa. Umo kwenye Kitabu Chekundu cha Ukraine, orodha ya spishi zilizo hatarini. Ujerumani umebaki vipande vipande pale ulipokuwa ukifuata mto mzima.

Wapo wanaosema kwamba kama dunia nzima ni salama, hizo nchi zisijisumbue. Sikubaliani nao. Mmea wa tope na maji yaliyotulia hauhami kutoka Romania kuja kujaza pengo la Rhine kwa sababu tu tumeuhitaji. Ukitoweka kwenye bonde moja, kwa bonde hilo umetoweka.

12. Ni nini kinachouangamiza?

Kwanza kabisa, kunyooshwa kwa mito. Rhine ya juu ni mfano ulio wazi. Mwaka 1817 kazi iliyobuniwa na mhandisi Johann Gottfried Tulla ilianza kukata kona za mto huo. Kazi ilipoisha mwaka 1876, njia ya mto kati ya Basel na Worms ilikuwa imepungua kwa kilomita 81. Watu walipata ulinzi dhidi ya mafuriko na ardhi ya kulima, na malaria ikapungua, hilo halipuuzwi. Lakini kila kona iliyokatwa ilikuwa na maji yaliyotulia, na kila mkono wa mto uliobaki ulianza kujaa tope bila mafuriko mapya ya kuufungua wala kuchimba mwingine. Mto ulioachwa huru huzaa madimbwi mapya huku ya zamani yakifa. Ukinyooshwa, yaliyopo yanakufa na hakuna yanayozaliwa.

Pili, dawa za kuua magugu katika mpunga. Huko Japani na kaskazini mwa Italia jaruba lilikuwa bwawa la kangaga hili kwa karne nyingi. Dawa na ukaushaji wa majaruba uliopangwa upya vimelitoa.

Mengine ni madogo moja moja lakini hujumlishika: mawimbi ya boti za injini yanayosukuma mimea ukingoni, uchimbaji wa tope la mifereji wakati usiofaa (swali la 5), samaki walao majani waliopandikizwa, na kufukiwa kwa vidimbwi vya mashambani.

13. Nasikia linapenda maji yenye rutuba. Basi uchafuzi unalifaa?

Swali hili hurudi sana, na lina ukweli nusu. Kangaga hili kweli hustawi kwenye maji yenye virutubisho vingi vya asili, kama yale ya bonde la mto lililofurika likaacha tope jema. Haliishi kwenye ziwa la milimani lenye maji safi yasiyo na kitu.

Lakini mbolea ya mashambani ikimiminika kupita kiasi, mimea midogo mno ya kuelea hutangulia kufunika uso wote mapema, kabla spora hazijapata mwanga wa kutosha kuotesha mimea yao michanga. Tope nalo hukosa oksijeni. Kangaga hunufaika na mbolea kidogo na huuawa na nyingi, na mpaka kati ya hizo mbili haumo kwenye jicho la mtu anayepita barabarani. Ndiyo maana "maji ni ya kijani, kwa hiyo mambo ni mazuri" ni kipimo kibaya.

14. Mbona Poland linaongezeka?

Ni kweli, hasa mifereji ya delta ya Vistula, karibu na bahari ya Baltiki. Watafiti wa huko wamefuatilia kalenda ya mmea huu wakiihusisha na ongezeko la joto: majira ya kupukutika majani yakirefuka, mmea hupata muda zaidi wa kukomaza spora. Mwaka 2014 Poland iliushusha kutoka ulinzi mkali hadi ulinzi wa sehemu.

Si habari ya furaha tupu. Pale unaposongamana, huzuia mwanga kufika kwa mimea inayoishi chini ya maji, na baadhi ya hiyo nayo ni adimu. Mmea unaolindwa kwenye bwawa moja unaweza kuwa mzigo kwenye mfereji wa kilomita chache mbele. Kuhusu la kufanya hapo, tazama swali la 22.

15. Joto likiongezeka basi litapona lenyewe?

Kaskazini huenda likasogea mbele. Kusini mambo ni mengine, maana joto lilelile hukausha madimbwi mapema, na dimbwi likikauka Julai hakuna spora zitakazokuwa zimekomaa. Tena majira laini ya baridi huwafaa wageni wa kitropiki wanaotupwa kutoka matangi ya samaki, na *molesta* ni mmoja wao.

## Ulinzi

16. Ni sheria zipi zinazolilinda?

Kubwa ni Mkataba wa Bern wa 1979, unaohusu wanyamapori, mimea na makazi ya asili ya Ulaya. *Salvinia natans* imo kwenye Kiambatisho I, orodha ya mimea ya kulindwa kikamilifu, na nchi zilizotia saini zinatakiwa kuzuia kuichuma, kuikusanya, kuikata au kuing'oa kwa makusudi. Chini yake kuna sheria za kila nchi: Ujerumani, Poland, Ucheki na Slovakia zina zao.

Umoja wa Ulaya hulinda pia makazi yenyewe. Katika Natura 2000, mtandao wake wa maeneo yanayohifadhiwa, kuna aina ya makazi yenye namba 3150, maziwa ya asili yenye rutuba na mimea ya kuelea, na kangaga hili ni mmoja wa mimea inayoyatambulisha. Naiona sheria hiyo ya pili kuwa na nguvu kuliko ya kwanza. Hakuna aliyeliangamiza kangaga hili kwa kulichuma; limeangamia kwa kuondolewa maji yake.

17. Kwa vitendo, uhifadhi wake hufanywaje?

Kazi kubwa ni ya koleo na kalenda. Mkono wa mto uliojaa tope hufunguliwa tena, lakini kwa vipande: sehemu moja mwaka huu, nyingine baada ya miaka kadhaa, ili daima ibaki sehemu yenye spora zilizolala. Ukingo hupewa mteremko mpole ili pawepo maji ya kina kifupi yanayopata joto mapema. Miti inayofunika maji yote kwa kivuli hupunguzwa upande wa jua. Mahali pengine tuta la mafuriko husogezwa nyuma, mto upate tena nafasi ya kupanuka, na hiyo ndiyo dawa ya kweli ingawa ndiyo ghali.

Kwenye mabwawa ya samaki makubaliano hufanywa na wafugaji: bwawa lisikaushwe lote kwa wakati mmoja, samaki walao majani wasizidi, chokaa na mbolea vipimwe. Bustani za mimea za Ulaya nazo huotesha mimea ya akiba. Akiba hiyo ni ya dharura tu. Mmea ulioishi vizazi kwenye tangi hauna tena tope lake la kurudia.

18. Kwa nini msiuchukue pale ulipo wingi mkaupande pale ulipotoweka?

Kwa sababu sababu iliyouondoa kwa kawaida bado ipo. Ukipanda mimea kwenye mkono wa mto uliojaa tope na kivuli, utapata kiangazi kimoja cha picha nzuri. Zaidi ya hapo, kubeba mimea ya maji ni kubeba kila kitu kilichonata juu yake: konokono, mayai, vipande vya magugu mengine. Upandaji hukubalika pale makazi yamekwisha kurekebishwa, mimea imetoka bonde lilelile, na kibali kipo.

19. Watu wanalindia nini kijani kama hiki, na nchi zina matatizo makubwa?

Anayelinda kangaga hili analinda dimbwi. Kwenye dimbwi hilo huzaliana vyura na kerengende, samaki wadogo hujificha chini ya majani, na mafuriko hupata pa kupumulia kabla ya kufika mjini. Delta ya Danube, mojawapo ya ngome zake, imo katika Urithi wa Dunia tangu 1991. Sisi tunaoishi na Rufiji, Kilombero na Tana hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu thamani ya bonde linalofurika. Tunahitaji kuona mapema kilichowapata walionyoosha yao.

## Maswali ya pembeni

20. Naona "Salvinia natans" ikiuzwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Ninunue?

Ukiwa Afrika Mashariki, usinunue. Mimea mingi inayouzwa duniani kwa jina hilo kwa kweli ni ya kundi la Amerika Kusini, la akina *molesta*; mpime muuzaji kwa kipimo cha swali la 8. Kuingiza mmea hai nchini bila kibali cha afya ya mimea ni kosa: Kenya unaongea na KEPHIS, Tanzania na TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo. Katika Umoja wa Ulaya *molesta* imepigwa marufuku kuuzwa na kufugwa tangu 2019.

Kama tayari unayo, usiimwage mtoni, mferejini wala chooni. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha ichome au uifukie.

21. Naishi Ujerumani na nimeliona kwenye mfereji karibu na nyumbani. Nifanye nini?

Usilichume, hata jani moja la kuonyesha watoto. Piga picha tatu: ya eneo zima, ya mmea kwa juu, na ya uso wa jani kwa karibu kabisa ili vinyweleo vionekane. Andika tarehe na mahali. Peleka taarifa kwenye ofisi ya uhifadhi wa mazingira ya wilaya yako. Kila wilaya inayo. Unaweza pia kuiweka iNaturalist, tovuti ya kurekodi mimea na wanyama walioonekana. Taarifa za watu wa kawaida zina uzito, hasa za Septemba, mmea unapokuwa mwingi na rahisi kuonekana. Bwawa likiwa halina kitu mwezi Mei haina maana kwamba mmea haupo.

Na wale fukusi wanaotumika kula gugu la Kariba, *Cyrtobagous salviniae*, waliosafisha ziwa Moondarra huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuletwa pia Afrika, si wa kujaribiwa kwenye mfereji wako. Chakula chao ni salvinia, na popote penye salvinia ya asili uamuzi wa kuwaachia unahitaji majaribio kwanza. Hilo lihesabiwe hata huku kwetu kwa ajili ya *hastata*.

22. Mfereji wetu wa kutolea maji umefunikwa wote na *natans*. Sheria inasema inalindwa, shamba linafurika. Tufanyeje?

Anzeni na ofisi ya mazingira. Ulinzi wa sehemu, kama wa Poland, huacha nafasi ya kazi za lazima za kusafisha mifereji kwa masharti. Kwanza hakikisheni ni *natans*. Kama ni *molesta*, hakuna cha kusubiri, toeni taarifa siku hiyohiyo.

Ikiwa ni *natans*, ondoeni mimea inayoelea tu, kwa reki au wavu, mwachie tope lake. Safisheni upande mmoja wa mfereji, mwingine uachwe mwaka huo. Kazi ikifanyika Julai au mwanzoni mwa Agosti mtapunguza wingi kabla ya kusongamana, na upande ulioachwa utakomaza spora. Ikibidi kuchimba tope, chimbeni vipande vifupi vilivyoachana, na tope lilazwe ukingoni siku kadhaa ili wadudu na konokono warudi majini. Mimea iliyoondolewa isisafirishwe kwenda bwawa jingine. Ioze palepale juu ya ukingo, mbali kidogo na maji, mahali ambapo mvua haitairudisha.